Kabla Kikundi Hakijanunua Kigari cha Mtoto

Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na daftari la mweka hazina. Leo tunaandika juu ya kigari cha kusukumia mtoto. Wengine mtacheka, na sisi pia tulicheka kidogo tulipoulizwa. Lakini tulipofika huko na kuketi na wenyewe tuliona si jambo la mzaha. Kikundi cha akina mama 22, ambao wamefanya kazi pamoja kwa miaka sita, kilikuwa karibu kuvunjika kwa sababu ya kitu chenye magurudumu manne.

Ilikuwa hivi. Mmoja wao alijifungua kwa upasuaji. Huko hospitali aliambiwa kwamba kwa wiki sita hivi asiinue kitu kizito kuliko mtoto mwenyewe, na asiiname kumtupia mtoto mgongoni na kukaza leso juu ya kidonda. Wenzake wakasema, basi tumnunulie kigari. Mweka hazina alikuwa anaenda mjini siku ya soko, akapewa shilingi 4,500 kutoka kwa merigoraundi. Akarudi na kigari cha mtumba, rangi ya buluu, kina kijipaa cha kuzuia jua na kikapu chini. Vigelegele vikapigwa.

Siku ya kliniki ndipo mambo yalianza. Njia ya kutoka kwa huyo mama ni ya miguu, yenye mawe na mizizi, inateremka hadi mtoni na kupanda tena kabla hujafika barabara ya changarawe. Magurudumu ya mbele, madogo kama mdomo wa kikombe cha chai, yaliingia kwenye ufa wa kwanza na kukataa kutoka. Walifika kliniki mtoto akiwa amebebwa na nyanya yake kwa leso, na kigari kikiwa kichwani mwa jirani! Hilo walilicheka. Wiki ya pili hawakucheka. Kigari kilijikunja chenyewe hapo langoni, mtoto akiwa ndani. Nyanya alishika chuma haraka, mtoto akatoka mzima, lakini kidole cha nyanya kilibanwa kwenye kiungo na kucha ikang'oka.

Mkutano uliofuata, mtu mmoja alisimama akauliza, "Mama mweka hazina, hizo pesa utazirudisha lini?" Naye akajibu kwamba yeye hakujitumia, alitumwa. Unajua maneno kama hayo yakishaanza hayaishi siku moja. Ndiyo sababu wakatuita, na baada ya kusuluhisha wao wenyewe walituomba tuyaandike hapa, ili wengine wasilipe ada ya shule hiyohiyo.

Tuseme kwanza kwamba yule mweka hazina hakununua kitu kibaya kwa uzembe. Alichagua kwa macho, kama wengi wetu tungefanya. Kosa ni kwamba hakuna aliyeuliza kigari hicho kilitengenezewa njia gani. Kigari chepesi cha kukunja kama mwavuli kilibuniwa Uingereza mwaka 1965 na mzee mmoja, Owen Maclaren, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora miguu ya ndege, ile ya magurudumu. Binti yake alikuja kumtembelea kutoka Moscow akisumbuka na kigari kizito cha mjukuu, naye mzee akatengeneza kingine cha alumini kisichofika kilo tatu. Kilikuwa kitu cha akili sana. Lakini kilikuwa cha mtu anayepanda ndege na gari moshi na kutembea juu ya saruji laini. Magurudumu yake madogo hayakuota kamwe kuhusu njia zetu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, tembeeni ile njia. Kutoka mlangoni mpaka zahanati, mpaka sokoni, mpaka kanisani au shambani. Hesabuni ni mahali pangapi mtalazimika kuinua kigari na mtoto juu ya mikono. Kama ni zaidi ya mara mbili tatu, kigari hicho hakitakuwa cha safari, kitakuwa cha nyumbani tu. Si vibaya kikiwa cha nyumbani, mradi mjue hivyo kabla ya kulipa. Njia ikiwa ya changarawe na tambarare, tafuteni chenye magurudumu makubwa ya mpira, angalau kama sahani ya chakula. Yale yenye pumzi kama ya baiskeli ni mazuri zaidi, na fundi wa baiskeli ataweza kuyaziba. Plastiki ngumu ikipasuka hakuna fundi wa kuirudisha.

Jambo la pili ni umri wa mtoto, na hapa tunaomba msome polepole. Mtoto mchanga hajui kuketi. Shingo yake haijakaza na kichwa chake ni kizito kuliko nguvu zake. Ukimweka katika kigari cha kuketi, kichwa huanguka mbele, kidevu hugusa kifua, na njia ya hewa hujibana bila yeye kulia. Mtoto anaweza kukosa pumzi kimya kimya huku watu wakidhani amelala vizuri. Mtoto aliyezaliwa juzi anahitaji kigari ambacho kinalala bapa kabisa, kama kitanda, naye alale chali bila mto na bila mablanketi mazito usoni. Kigari cha kuketi kinamngoja hadi aweze kuketi na kushika kichwa chake mwenyewe, yaani karibu miezi sita. Kile cha buluu tulikiona. Mgongo wake hauteremki hata kidogo. Hata kama njia ingekuwa lami, hakikumfaa mtoto wa wiki tatu.

Sasa twende sokoni. Vigari vingi tunavyoviona Gikomba, Kongowea na katika masoko ya kaunti vimeshatumika ng'ambo. Hatusemi msinunue, kwa maana vipya ni ghali na mtumba mwingine ni imara kuliko kipya cha bei rahisi. Lakini jueni kwamba mtumba hauji na barua yake. Mwaka 2009 kampuni ileile ya Maclaren iliita karibu vigari milioni moja vilivyokuwa vimeuzwa Marekani, kwa sababu bawaba za pembeni zilikuwa zinabana vidole vya watoto kigari kikifunguliwa. Taarifa za watoto 12 waliokatika ncha za vidole zilikuwa zimepokelewa. Wenye vigari walipewa vifuniko vya bawaba bure. Ni jambo jema, lakini tangazo kama hilo humfikia aliyenunua dukani huko, na akishakiuza au kukitoa msaada, habari inabaki nyuma. Kwa hivyo mnunuzi wa mtumba ndiye mkaguzi.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji shule. Kikundi chetu sasa kinasema watu watatu ndio wataenda, si mmoja, na mmoja wao awe anajua spana. Wabebe mfuko wa unga au mahindi wa kilo kumi. Kigari kifunguliwe na kukunjwa mara kumi mbele ya mwenye duka, mkisikiliza. Komeo linapoingia lazima lilie "ta!" na lisitoke ukilivuta kwa nguvu bila kubonyeza mahali pake. Vigari vizuri vina makomeo mawili, moja likichoka lingine linashika. Kisha wekeni ule mfuko ndani, mfunge mikanda, muusukume juu ya mawe na kutikisa mpini juu na chini kama mtu mwenye hasira. Kile cha buluu kingeanguka hapo hapo, na pesa zingerudi mfukoni.

Breki mzijaribu kwenye mteremko mfuko ukiwa ndani, na breki ikanyage magurudumu yote mawili ya nyuma. Mikanda iwe ya sehemu tano: mabega mawili, kiuno pande mbili, na mmoja wa kupita katikati ya miguu. Wa kiunoni pekee hautoshi, mtoto huteleza chini na kuning'inia shingo. Pitisheni kidole (cha mtu mzima, na polepole) karibu na kila kiungo kuona panapobana. Tazameni kutu, misumari iliyowekwa badala ya boliti, na nyaya zilizofungwa kuficha mvunjiko. Mwenye duka akikataa majaribio hayo, mshukuruni na mwende kwa mwingine.

Mkishanunua, vueni nguo zake zote mzifue kwa maji moto, na fremu ianikwe juani siku mbili. Kunguni husafiri sana kuliko sisi.

Kuna jambo moja ambalo linafanywa kwa upendo na ni la hatari. Jua likiwa kali, mama hutandaza leso au blanketi juu ya kigari mbele hadi nyuma ili mtoto asiungue. Hewa inasimama, na ndani kunakuwa kama chungu kilichofunikwa. Joto hupanda kwa dakika chache hata kama leso ni nyepesi, na mtoto mchanga hajui kujipoza. Tumieni mwavuli, tembeeni asubuhi au jioni, na mtoe mkono mara kwa mara kugusa kifua cha mtoto. Uso wake uonekane kila wakati. Pia msitundike mfuko wa sukari na viazi kwenye mpini. Mtoto akitolewa kigari hupinduka, na mara nyingine hupinduka naye akiwemo.

Je, tunasema leso imeshinda? Kwa njia nyingi za kwetu, ndiyo, imeshinda, na hatuoni aibu kusema hivyo. Tumewasikia wasichana wakisema kwamba kubeba mgongoni ni ushamba. Siku hizi huko Ulaya na Marekani wazazi wananunua mbeleko kwa pesa nyingi, na madaktari wa mifupa wanapenda mtoto akae mapaja yametanuka kama chura na magoti juu kidogo ya makalio, maana ndivyo nyonga inavyokaa vizuri katika kikombe chake. Nyanya zetu walifanya hivyo bila kuandikiwa. Kumfunga mtoto miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja ndiko kunakoharibu nyonga. Hata hivyo leso ina sheria zake: pua iwe wazi, kidevu kisizame kifuani, na mtoto mchanga abebwe mbele mahali unapomwona. Na mama aliye na mtoto mgongoni asiiname juu ya jiko na sufuria inayochemka.

Hapo jikoni ndipo tuliona kigari kinasaidia kweli. Mtoto aliyeshaweza kuketi akiwa ndani ya kigari chenye breki, chini ya mwembe, mahali mama anapomwona, yuko mbali na moshi na moto. Ila asikae humo asubuhi hadi jioni kama mzigo uliosahauliwa. Lazima ashuke atambae, aanguke kidogo, ale vumbi.

Tuliona faida nyingine ambayo hatukuitarajia. Yule baba wa mtoto, ambaye hajawahi kufunga leso mgongoni na asingefunga hata kwa kulipwa, alikuwa akisukuma kigari uani jioni bila haya, akiongea na mtoto wake habari za ng'ombe. Akina mama walitueleza hayo kwa sauti ya chini, wasije wakamtia aibu akaacha.

Kuna wazazi pia wanaotuuliza juu ya kigari kwa sababu mtoto wao ana miaka mitatu au minne na shingo bado haijakaza, na mama mgongo unamuuma. Huyo msimnunulie kigari cha kawaida. Ataketi amepinda, na kupinda huko kutazoeleka mwilini. Apelekwe kwanza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya kaunti apimiwe kiti chake. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huandikisha watoto kama hao na hutoa misaada ya vifaa. Pia chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kimejulikana kwa viti vya magurudumu. Pesa za kikundi zitumike kwa nauli ya kumfikisha huko.

Na kile cha buluu? Fundi alitoboa fremu akaweka boliti mbili, hakikunjiki tena. Yule mtoto sasa ana miezi minane na anaketi ndani yake uani. Wanachama walikubaliana mweka hazina asilipe chochote, na ile shilingi 4,500 iandikwe kuwa ya kikundi chote. Kigari ni mali ya kikundi, kinaazimwa. Mama mwingine tayari amekiandikisha kwa mwezi wa Agosti, na ameambiwa wazi kwamba mtoto wake hataingia humo kabla hajajua kuketi.

Mkikutana mnaweza kujadiliana haya: Njia ya kwetu inafaa magurudumu gani? Mwanachama akijifungua kwa upasuaji, ni nani atambebea mtoto wiki zile sita, na tutampangia zamu vipi? Kikundi kikituma mtu kununua kitu, ni akina nani wanaenda naye, na wanakagua nini kabla ya kutoa pesa?