Ukitapeliwa mtandaoni, usinyamaze: toa taarifa kwa mtoa huduma

MSIMU wa korosho unapofika wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma, malipo ya wakulima huingia katika akaunti za benki, na sehemu yake huhamia katika simu za mkononi. Wakati huo ndipo ujumbe unaojulikana nchi nzima humkuta mtu akiwa na haraka: "Ile hela itume kwenye namba hii." Mkulima anayedaiwa na kibarua au mwenye duka la pembejeo aweza kuituma kabla hajajiuliza ni nani aliyeandika.

Aliyetapeliwa hivyo mara nyingi humsimulia jirani, akamlaani mwizi, kisha akanyamaza. Wengine hudhani kampuni ya simu imekwisha kuona yaliyotokea, kwa kuwa ujumbe ulipita katika mitambo yake. Dhana hiyo si sahihi, na ndiyo inayowapa wahalifu nafasi.

Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba 1, 2015, haimlazimishi mtoa huduma kuchungulia kila kinachopita katika mtandao wake. Angelazimishwa, angekuwa msomaji wa barua za watu wote. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka achukue hatua pindi anapofahamu kuwa huduma yake inatumika kuvunja sheria: aondoe kilicho chini ya uwezo wake, asitishe huduma inayohusika na kuvijulisha vyombo vya dola. Taarifa ya mwananchi, basi, ndiyo inayomfahamisha.

Kwa ujumbe wa kitapeli, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imetenga namba 15040. Peleka huko ujumbe huo kama ulivyo. Utakapojibiwa, taja namba iliyoutuma. Si lazima uwe umekwisha kuibiwa. Anayetoa taarifa mapema humkinga mwingine ambaye hajaupata ujumbe huo.

Iwapo fedha zimekwisha kutumwa, jambo la kwanza ni kupiga namba 100 ya huduma kwa wateja. Eleza kiasi, saa, namba ya mpokeaji na namba ya muamala. Fedha zikiwa bado katika akaunti ya mpokeaji, upo uwezekano wa kuzuiwa. Zikishatolewa kwa wakala, kuzipata ni kazi ngumu zaidi. Kisha nenda kituo cha polisi ukafungue taarifa na kupewa RB. Usifute ujumbe wowote, kwani ndio ushahidi. Wala usimtajie mtu namba yako ya siri, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni.

Kwa aliyetukanwa, kutishwa au kusambaziwa picha asizoziridhia, sheria imeweka njia ya kumwandikia mtoa huduma ili jambo hilo liondolewe. Barua hiyo iwe na sahihi, jina kamili na anwani ya mlalamikaji, ieleze haki iliyovunjwa, mahali hasa maudhui hayo yalipo na hatua inayoombwa. Kusema tu "nimechafuliwa mtandaoni" hakumsaidii anayepaswa kuyatafuta. Mlalamikaji pia huthibitisha kwamba ana nia njema, maana kutoa taarifa ya uongo kwa makusudi kunaweza kumtia mwenyewe hatiani.

Utaratibu huu si wa Tanzania peke yake. Mwaka 1997 wataalamu wa intaneti walitoa mwongozo kuwa watoa huduma wawe na anwani za barua pepe zinazoanza na maneno "abuse" kwa malalamiko ya matumizi mabaya na "security" kwa masuala ya usalama. Mwenye kupokea barua pepe za ulaghai aweza kuanzia hapo.

Ipo pia hatua ya kujihami. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze Mei 1, 2019, mwananchi anaweza kubonyeza *106# na kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiona asiyoitambua, aripoti kwa kampuni husika mara moja, kabla haijatumika kumtapeli mtu kwa jina lake.

Kutapeliwa si aibu ya kufichwa. Namba isiyoripotiwa leo, kesho yaweza kumfikia mkulima mwingine wa Nakapanya au Matemanga, naye akaituma hela ya msimu mzima.