Si Ulinipea? Kisa cha Fuvu la Rusinga

Hebu fikiria umemwazima beshte yako jaketi. Miaka inapita, unaiitisha, naye anakukazia macho: “Si ulinipea?” Huna mesej, huna shahidi. Utasema nini?

Kenya imewahi kupitia hiyo, ila haikuwa jaketi. Mwaka wa 1948, Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul kisiwani Rusinga, Ziwa Victoria. Huyo ni kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Fuvu likapelekwa Uingereza likachunguzwe, kisha likakaa London. Kenya ilipolidai baadaye, makavazi ya kule yakashikilia kwamba yalipewa. Kilichookoa jahazi ni barua za zamani zilizoonyesha kuwa lilikuwa la mkopo tu. Likarudi Nairobi mwaka wa 1982.

Sasa waangalie wenzetu wa Zambia. Fuvu la Kabwe lilitoka kwenye mgodi wao mwaka wa 1921, enzi za mkoloni, likapelekwa London pia. Zambia imelidai kwa miongo kadhaa. Wao hawakuwa na barua ya mkopo ya kuweka mezani. Nani angeiandika, na waliokuwa wakitawala ndio walewale waliolisafirisha?

Ndio maana kazi ya makavazi inayoonekana ya kuboesha, kuandika lebo na kujaza daftari, ndiyo inayobeba kila kitu. Kisukuku kisichojulikana kilitoka wapi na kwenye tabaka gani la mwamba hupoteza thamani kwa wanasayansi, maana tabaka ndilo husaidia kujua umri wake. Na kikitoka bila rekodi, kukirudisha ni vita. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Siku hizi tuna Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, na huwezi kutoa kisukuku nchini bila kibali. Lakini sheria haijisimamii yenyewe. Kwa hivyo ukisikia mifupa ya Turkana ama Rusinga inasafirishwa kwenda utafiti ng’ambo, usiishie kupiga like. Uliza: nani ametia sahihi, inarudi lini, na nakala ya hayo makaratasi iko wapi?

Hiyo mifupa ni yako pia, buda.