Gurudumu la Mshipi Lifuate Kina cha Bahari

Mvuvi wa visiwani anayeteremsha mshipi kwa mkono katika maji ya kina kirefu hana haja ya kuelezwa uzito wa kazi hiyo. Viganja vyake vyaieleza. Chubwi tupu hutaka nguvu kupandishwa, seuze chewa aliyenasa. Tangu ilipoundwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi Zanzibar, mwaka 2020, mengi yamesemwa kuhusu boti na mashine. Leo twapenda kusema juu ya chombo kidogo kinachokaa baina ya mkono wa mvuvi na samaki, nacho ni gurudumu la kukunjia mshipi.

Aina zake kubwa ni nne. Ya kwanza ni ile ambayo bobini yake haizunguki wakati wa kurusha. Uzi hutoka wenyewe kwa mbele. Haimsumbui anayejifunza, nayo yafaa ufukweni na juu ya miamba kwa chambo chepesi. Lakini mzigo mzito huichosha, na uzi wake hupenda kujisokota.

Ya pili ni ile ambayo bobini huzunguka pamoja na uzi. Breki yake hustahimili nguru, jodari na hata sulisuli, na ndiyo ifaayo kurambaza. Atakaye kurusha kwayo hana budi kuizuia kwa kidole gumba, la sivyo uzi hufungamana.

Ya tatu huendeshwa kwa umeme. Betri hufanya kazi ya mkono, na jambo hilo ni faraja kubwa. Hata hivyo bei yake ni kubwa, maji ya chumvi hayana huruma na nyaya, na betri ikizimika mvuvi hukwama.

Ya nne ni ya mbao. Katika miaka ya 1970, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilibuni huko Samoa gurudumu kubwa la mbao lifungwalo ubavuni mwa boti na kuzungushwa kwa mkono. Visiwa vingine vya Pasifiki vikaliiga, kwa kuwa seremala wa kijijini aweza kulichonga na kulitengeneza. Kwalo wavuvi walifikia samaki wa miteremko ya miamba, mita 100 hadi 400 kwenda chini.

Ipi basi ni bora? Hapana jibu moja, kwani bahari zetu hazifanani. Mkondo wa Pemba hufikia kina cha mita 800 hivi, ilhali mkondo baina ya Unguja na bara ni wa kina kifupi. Kifaa kimfaacho mrambazaji wa Pemba chaweza kuwa mzigo usio na kazi kwa mvuvi wa changu wa Unguja.

Kwa hiyo twawaomba wahusika, kabla ya kuagiza zana au kutoa mkopo wake, wajiulize mambo matatu. Mvuvi huyu huvua kina gani? Chombo kikiharibika, nani kisiwani atakitengeneza? Na samaki atakaopata watalipa deni lake? Majibu ya maswali hayo hayapatikani ofisini. Yapo dikoni, kwa wavuvi wenyewe.

Nanyi ndugu wavuvi, wepesi wa kazi usiwe ruhusa ya kumaliza bahari. Samaki wengi wa kina kirefu hukua polepole na huishi miaka mingi; mwamba ukishafagiliwa, hausitawi upesi. Gurudumu jema ni lile litakalomfaa baba leo na mwana kesho.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayenunua zana kwa ajili ya mvuvi, na aanze kwa kumsikiliza mvuvi.