Kuosha Motokaa Nyumbani Pasipo Mpira wa Maji

Watu wengi wenye motokaa katika Kenya hawana bomba uani mwao, na wengine walio nalo hukaa siku kadhaa bila kuona tone la maji. Kwa sababu hiyo wengi hudhani ya kwamba motokaa haiwezi kuoshwa vema isipokuwa kwa mpira mrefu wa maji. Wakiukosa mpira huo hufanya moja katika mambo mawili: ama huiacha motokaa ijae vumbi mwezi mzima, ama huipeleka mtoni au ziwani na kuiosha huku wamesimama majini. Jambo la kwanza huiharibu motokaa. La pili humdhuru mtu mwenyewe, na pengine jirani zake pia. Lakini iko njia ya tatu, ambayo haihitaji ila madebe matatu ya maji, ndoo mbili na vitambaa safi.

VUMBI HUHARIBUJE RANGI?

Vumbi la barabarani ni chembe za mchanga na mawe madogo sana yenye ncha, na nyingi katika hizo ni ngumu kuliko rangi ya motokaa. Katika motokaa za siku hizi rangi hufunikwa kwa tabaka angavu kama kioo, nalo ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Basi mtu achukuaye kitambaa kikavu na kusugua motokaa yenye vumbi hana tofauti na seremala apigaye mbao msasa. Siku hiyo haoni dhara lolote. Lakini baada ya miezi michache, jua likiangaza juu ya boneti, huonekana mikwaruzo mingi kama utando wa buibui, na mng'ao wa rangi umekwisha.

Kuiacha bila kuoshwa nako si salama. Katika Mombasa, Kilifi na Malindi upepo wa bahari huleta chumvi, nayo chumvi huvuta unyevu na kuharakisha kutu. Huku bara, tope jekundu likigandamana ndani ya matao ya magurudumu hushika unyevu kwa siku nyingi, na kutu huanzia papo hapo mahali pasipoonekana. Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti, vikikaa juani, hula rangi.

MAJI KIASI GANI?

Mpira utoao lita 10 kila dakika, ukiachwa wazi kwa nusu saa, humwaga lita 300. Hizo ni debe 15 za lita 20. Kwa njia ya ndoo mbili debe tatu zatosha: moja ya kulowesha, moja ya kugawanywa katika ndoo mbili, na moja ya kusuuzia mwisho. Yafaa mwenye motokaa akumbuke kwamba debe moja la maji lina uzito wa kilo 20, na katika nyumba nyingi aliyelibeba kutoka kisimani si yeye, bali ni mama au mtoto. Maji ya kunywa na kupikia yatangulie kutengwa, ndipo motokaa ipate fungu lake.

Maji ya mvua yafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa hayaachi madoa meupe kama maji ya visima vingine. Kila milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja ya maji. Kwa hiyo paa dogo la mita 5 kwa mita 4, likipata mvua ya milimita 10, laweza kutoa karibu lita 200, nazo hujaza pipa zima.

KAZI YENYEWE

Motokaa iwekwe kivulini, injini izimwe, breki ya mkono ivutwe, na vioo vyote vifungwe. Boneti ikiwa ya moto ingojewe ipoe, maana juu ya bati la moto sabuni hukauka kabla ya kusuuzwa na kuacha alama. Wakati mzuri ni asubuhi mapema au jioni.

Kwanza yaoshwe magurudumu na matao yake kwa brashi na kitambaa cha peke yake. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yafaa kwa kazi hiyo. Kitambaa hicho kisiguse tena sehemu nyingine ya motokaa, kwa sababu hubeba mchanga na unga wa chuma utokao katika breki.

Pili, motokaa iloweshwe. Asiye na mpira atoboe matundu madogo kwa msumari katika kitako cha kopo, alijaze maji, na kulipitisha juu ya paa, vioo na milango. Maji yatamwagika kama manyunyu na kuondoa vumbi jingi kabla mkono haujagusa rangi. Tope lililoganda lisikwanguliwe. Lifunikwe kwa kitambaa chenye maji kwa dakika chache, nalo litalainika lenyewe.

Tatu, ndoo moja iwe na maji na sabuni, na ya pili iwe na maji matupu. Sabuni iliyofanywa kwa kuoshea motokaa ndiyo bora. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, nayo huondoa nta ilindayo rangi. Kitambaa kilaini kichovywe katika ndoo ya sabuni, kipitishwe sehemu moja kwa mstari ulionyoka, kisha kisuuzwe katika ndoo ya maji matupu na kukamuliwa kabla ya kurudishwa katika sabuni. Hii ndiyo siri ya ndoo mbili: mchanga hubaki katika ndoo ya pili na kuzama chini, wala haurudi juu ya rangi. Mwenye ndoo moja tu husugua motokaa kwa uchafu wake mwenyewe.

Kazi ianzie juu na kushuka: paa, kisha vioo, boneti, milango, na mwisho sehemu za chini zenye tope jingi. Kitambaa kikianguka chini kisitumiwe tena mpaka kifuliwe. Kila upande ukimalizika usuuzwe mara moja kwa lile kopo lenye matundu, sabuni isije ikakauka.

Mwisho, motokaa ikaushwe kwa kitambaa cha pamba. Kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi yafaa sana kwa kuwa ni laini. Kabla ya kwenda safari, dereva aiendeshe polepole hatua chache na kukanyaga breki mara mbili tatu, kwa maana breki zilizoloa hazishiki upesi.

HATARI YA KUOSHEA MTONI NA ZIWANI

Wapo watakaosema: kwa nini kuhangaika na madebe, hali ziwa limejaa maji? Jibu ni kichocho. Ugonjwa huu hutoka katika konokono wadogo wakaao majini. Konokono hao hutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi ya mtu asimamaye majini kwa dakika chache tu, hata kama hana kidonda. Wakishakua mwilini minyoo hiyo hutaga mayai ambayo, baada ya miaka, huweza kuharibu matumbo, ini au kibofu.

Katika miaka ya 1990 wachunguzi wa maradhi waliwapima vijana waliokuwa wakiosha motokaa ufuoni mwa Ziwa Victoria mjini Kisumu. Walipewa dawa wakapona, lakini wengi wao waliugua tena, kwa sababu kazi yao iliwarudisha katika maji yale yale. Dawa iko, nayo huua minyoo iliyomo mwilini; haimzuii mtu kuambukizwa upya kesho yake.

Asiye na maji mengine ila ya ziwa au mto ayateke mahali pasipo majani, akijihadhari asiingie majini, kisha ayaache katika pipa safi lisilo na konokono kwa siku mbili. Vijidudu vya kichocho, visipompata mtu, hufa katika muda huo. Maji hayo yatafaa kuoshea motokaa, lakini bado si ya kunywa bila kuchemshwa.

Kadhalika maji machafu yaliyobaki yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima, kwa kuwa yana mafuta, grisi na sabuni. Yamwagwe juu ya nyasi, mbali na mboga. Jirani aliye chini ya mto naye ana debe lake, na maji atakayoteka jioni ni yale yaliyopitia kwa wenzake asubuhi.