Usugu wa Malaria Uliozaliwa Kwetu

Kwa muda mrefu wataalamu wa malaria katika Afrika Mashariki walikuwa wakitazama Asia kwa wasiwasi, na walikuwa na haki. Usugu dhidi ya klorokwini uliibuka mpakani mwa Thailand na Kambodia mwishoni mwa miaka ya 1950, ukafika kwetu miaka ishirini baadaye, na ile dawa chungu tuliyonyweshwa utotoni ikakosa nguvu. Tanzania Bara ikahamia SP (sulfadoksini-pirimethamini) mwaka 2001. SP nayo ikachuja upesi, kwa mabadiliko ya jeni ambayo asili yake kubwa pia ni Asia. Mwaka 2006 tukaanza kutumia dawa mseto, ALu, inayounganisha dawa ya jamii ya artemisinini na lumefantrini.

Ilipobainika mwaka 2014 kwamba vimelea vya Kambodia vinavyostahimili artemisinini, dawa kuu ndani ya mseto, hutambulika kwa mabadiliko katika jeni iitwayo K13, hofu ikawa ile ile: visije vikavuka bahari kama vilivyotangulia.

Havikuhitaji kuvuka. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba Rwanda kuna vimelea vyenye badiliko la K13 linaloitwa R561H. Uganda ikafuata, ikiwa na mabadiliko mengine ya jeni hiyo hiyo. Kisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ikapima sampuli zilizokusanywa mwaka 2021 katika mikoa kadhaa ya Tanzania. Wilayani Karagwe, mkoani Kagera, R561H ilionekana katika zaidi ya sampuli moja kati ya tano.

Sampuli yenyewe ni tone la damu ya kidole lililokaushwa kwenye karatasi ya chujio. Ndani yake mna vinasaba vya mgonjwa na vya kimelea, *Plasmodium falciparum*, ambacho jenomu yake ilisomwa yote kwa mara ya kwanza mwaka 2002: kromosomu 14, herufi kama milioni 23, jeni zipatazo 5,300. Kwa kuwa badiliko la jeni hurithiwa pamoja na vipande vilivyo jirani nalo, vipande hivyo hueleza ukoo wake. Vile vya Karagwe havikufanana na vya Asia, na baadhi vilionyesha undugu na vya Rwanda. Usugu huu ulizaliwa Afrika.

Kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote. Mwili wa mgonjwa mmoja unaweza kubeba mabilioni ya vimelea, na kila vinapojinakili hutokea makosa machache. Dawa ikiua vilivyo dhaifu, kimelea chenye kosa la bahati hubaki kikizaliana bila mshindani, na mbu akishakinyonya hukipeleka nyumba ya pili. Mzunguko huu unaweza kuanza katika kijiji chochote chenye malaria na dawa. Kuchunga mipaka peke yake hakuwezi kuuzuia.

Mgonjwa asiogope kumeza ALu. Bado inaponya, kwa sababu usugu huu ni wa sehemu: artemisinini huchelewa kusafisha damu, na lumefantrini, dawa ya pili katika kidonge, humalizia kazi. Lakini mzigo wa lumefantrini umeongezeka, na vimelea vikijifunza kuikwepa nayo, tutarudi kwenye hali ya miaka ya mwisho ya klorokwini, ambayo wauguzi wengi wa wodi za watoto hawajaisahau.

Matokeo ya sampuli za 2021 yalichapishwa kikamilifu mwaka 2024. Kwa kimelea kinachobadilika kila msimu wa mvua, miaka mitatu ni mingi mno. Mashine za kusoma vinasaba zinazoenea kiganjani zipo, na kazi ya miezi zinaweza kuifanya kwa siku chache. Zinahitaji kemikali zisizokatika, umeme wa uhakika na vijana waliofundishwa kuzitumia, na ningependa waanze kuajiriwa Bukoba, mkoani Kagera, karibu na wagonjwa wenyewe, kabla hata Dar es Salaam haijaongezewa maabara nyingine.