Kumchagua Mpiga Picha za Video wa Chama



Kila inapokaribia Siku ya Ushirika Duniani, yaani Jumamosi ya kwanza ya mwezi Julai, vyama vyetu hushikwa na hamu ya kutengeneza filamu fupi ya video. Chama kimoja hutaka kuonyesha mkopo ulivyomwezesha mwanachama kufungua genge, kingine hutaka kusimulia historia yake. Mwaka 2025, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika, uliipa hamu hiyo nguvu zaidi. Hamu si kosa. Lakini fedha zinazotumika ni za wanachama, na katika ukaguzi nimeona mara nyingi fungu hili likitolewa kwa haraka, bila hata kulinganisha bei.

Nitaeleza kisa cha chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho sitakitaja jina. Ofisi yake imo Upanga, ghorofani. Bodi iliazimia kurekodi masimulizi ya wazee watano waliokuwa miongoni mwa wanachama wa kwanza. Katibu akaenda Kariakoo, akamwona kijana mwenye duka la kupiga picha za arusi, akaonyeshwa kipande cha dakika 2 chenye muziki mkubwa na rangi za kupendeza. Akalipa fedha zote siku ile ile. Siku ya kazi umeme ukakatika. Jenereta ya duka la chini ikawashwa, madirisha yakafunguliwa kwa sababu ya joto, na kunguru wa Upanga, ambao kila mkazi wa huko anawajua, walikuwa wamejaa mitini. Kijana alitegemea kipaza sauti kilichomo ndani ya kamera, nayo kamera ilisimama hatua nne kutoka kwa wazee. Picha ilitoka safi kabisa. Maneno hayakusikika. Wawili kati ya wazee wale wamekwisha fariki dunia, nao ndio waliojua jinsi mchango wa kwanza ulivyokusanywa na ni nani aliyekaa na ufunguo wa sanduku.

Simlaumu kijana peke yake. Katika filamu ya arusi ni nadra mtu kusikiliza maneno. Muziki huwekwa juu yake baadaye na kila mmoja huridhika. Kazi ya chama ni maneno. Mtu aweza kuwa hodari sana katika ile ya kwanza na asiifae hii ya pili.

Taabu ya sauti si mpya nchini. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la filamu za mafunzo lililokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Picha zilipigwa bila sauti, na maneno yakatiwa katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na filamu. Kuviweka viwili hivyo viende pamoja kulikuwa kazi ngumu. Baada ya Uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania ilipoundwa mwaka 1968, mafundi wa filamu walikuwa wachache na chama cha msingi hakikuwa na la kuchagua. Leo simu ya mkononi nayo ni kamera, na mitaa ya Kariakoo haina uhaba wa watu wanaojiita wapiga picha.

Kabla ya kumtafuta yeyote, kamati iandike nusu ukurasa: filamu ni ya nani, itaonyeshwa wapi, iwe ya dakika ngapi, na mtazamaji atarajiwe kufanya nini akishaiona. Karatasi hiyo hiyo wapewe wapiga picha watatu, kila mmoja alete bei yake kwa maandishi, akitenganisha siku za kupiga picha na siku za kuhariri. Bei ya chini mno mara nyingi imeiacha kazi ya kuhariri, nayo huja kudaiwa baadaye.

Msikubali kuonyeshwa vipande vilivyokatwakatwa. Ombeni kazi moja nzima ambayo ndani yake watu wanazungumza, kisha fumbeni macho msikilize. Mwulizeni kama ana vipaza sauti vidogo vya kubana kwenye ukosi wa shati, na kama huvaa visikilizi masikioni wakati wa kurekodi. Asiyevaa hajui anachokinasa. Ulizeni pia ni nani hasa atakayekuja, maana yapo maduka ambamo bwana mwenyewe huonyesha kazi zake na siku ya siku akamtuma mwanafunzi. Naye atembelee mahali pa kazi mapema, saa ile ile itakayotumika. Na kama mwombaji ni mpwa wa Mwenyekiti, Mwenyekiti aliseme hilo kikaoni na atoke nje wakati wa uamuzi.

Malipo yagawanywe: sehemu mwanzoni, sehemu baada ya kupiga picha, na ya mwisho baada ya Bodi kuitazama filamu na kuikubali. Mkataba utaje tarehe, idadi ya masahihisho yasiyo na malipo ya ziada, nani atamiliki filamu, na kwamba chama kitakabidhiwa picha zote za asili zisizohaririwa. Muziki wa watu usitumiwe bila idhini yao, maana hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Akitaka kurusha droni, alete kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Jambo moja husahauliwa sana. Sura ya mwanachama pamoja na habari za mkopo wake ni taarifa zake binafsi, nazo zinalindwa na sheria iliyotungwa mwaka 2022. Atie sahihi kwamba amekubali, na aelezwe wazi kama filamu itabaki mkutanoni au itasambazwa kwenye simu. Daftari la wakopaji lisiachwe wazi mezani nyuma ya msemaji. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Kazi ikikabidhiwa, nakala moja ifungiwe pamoja na kumbukumbu za mikutano, na nyingine iwekwe nje ya ofisi.

Chama kile cha Upanga kimekwisha warudia wazee watatu waliobaki. Safari hii walirekodiwa sebuleni kwa mmoja wao, saa moja asubuhi, madirisha yakiwa yamefungwa.