Maji Ndani ya Kompyuta: Hesabu Kwanza, Kununua Baadaye

Chini ya kilima cha Makerere, katika mtaa wa Wandegeya jijini Kampala, kompyuta ni jembe. Kandokando ya barabara ya Bombo na katika vichochoro vinavyopanda kuelekea Chuo Kikuu, watu hula jasho lao kwa kuchapa, kutoa nakala na kujalidi kazi za wanafunzi. Siku hizi kazi hizo zimezidi uzito. Wapo wanaohariri video za arusi, wapo wanaochora ramani za majengo, na wapo wanaofanya hesabu ndefu za utafiti. Kazi ya namna hiyo huichemsha mashine, na mashine iliyochemka hujipunguzia kasi yenyewe, au huzimika ghafla na kumwacha mteja akisubiri.

Kwa familia ya askari iliyoweka akiba kwa muda mrefu ili mke au kijana wa nyumbani apate kazi kwa kompyuta moja, hilo si jambo dogo. Ndipo baadhi yao huanza kufikiria kuipoza mashine kwa maji badala ya feni peke yake. Jambo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1960 kompyuta kubwa ya IBM System/360 Model 91 ilipozwa kwa maji. Mwaka 1985 ilitolewa Cray-2 ya Marekani, ambayo vipande vyake vilizamishwa katika kimiminiko kisichopitisha umeme. Mwaka 2004 kampuni ya Apple iliuza Power Mac G5 iliyopozwa kwa kimiminiko, na baada ya miaka michache baadhi ya mashine hizo zilivuja na kuharibika. Ikiwa mfumo uliofungwa kiwandani uliweza kuvuja, basi anayeunda wa kwanza nyumbani hana budi kupanga kwa uangalifu zaidi.

VUMBI KWANZA

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, yafaa kuuliza kama maji yanahitajika. Wandegeya ni njia panda ya magari na pikipiki, na vumbi lake huingia ndani ya kila sanduku lenye feni. Kompyuta iliyofanya kazi miaka miwili au mitatu pasipo kufunguliwa aghalabu huwa na utando wa vumbi katika mapezi ya kupozea. Tena grisi ya kupitisha joto, iliyopakwa baina ya prosesa na chuma cha juu yake, huwa imekauka.

Basi mashine na izimwe, ichomolewe kwenye umeme, ipulizwe vumbi kwa hewa kavu huku mapanga ya feni yameshikwa yasizunguke, na grisi ibadilishwe. Kisha joto lipimwe tena kwa programu wakati mashine inafanya kazi nzito. Wengi watakuta ugonjwa umekwisha kwa gharama ndogo. Prosesa nyingi za leo hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 95 au 100. Ikiwa mashine safi inafanya kazi nzito kwa saa nzima na kubaki chini ya nyuzi 80, fedha za maji zina matumizi bora mahali pengine nyumbani.

MAJI HUHAMISHA JOTO TU

Mfumo wenyewe unafanana na ule wa gari. Pampu husukuma maji hadi kwenye kibamba cha chuma kilichokaa juu ya prosesa, na pengine kingine juu ya kadi ya picha. Maji huchukua joto, hupita katika rejeta yenye feni, hutua katika tangi dogo, kisha hurudi kwenye pampu.

Maji hayafuti joto, huliondoa hapa na kulipeleka pale. Kampala, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,200 hivi, huwa na hewa ya nyuzi 27 au 28 mchana wa kawaida, na kibanda chenye bati bila dari hupita hapo. Rejeta haiwezi kuyapoza maji yakawa baridi kuliko hewa inayoipitia. Chumba kilichofungwa madirisha hupata moto, na maji nayo hupata moto pamoja nacho. Kwa hiyo dirisha linalofunguka ni sehemu ya mfumo huo kama ilivyo pampu.

HESABU YA VIPANDE

Mpangaji achukue karatasi, aandike wati za kila kipande kinachotoa joto. Tuseme prosesa hutumia wati 125 na kadi ya picha wati 220. Jumla ni wati 345. Desturi ya mafundi ni kutoa nafasi moja ya feni ya milimita 120 kwa kila kipande kinachopozwa, kisha kuongeza nafasi moja ya akiba. Kwa vipande viwili ni nafasi tatu, yaani rejeta ya milimita 360. Kabla ya kuagiza, sanduku la kompyuta lipimwe kwa rula, pamoja na unene wa rejeta na wa feni zake, ili vifaa visifike vikakosa pa kukaa.

Watu hubishana juu ya kipande kipi kitangulie kupata maji. Hesabu huumaliza ubishi huo. Lita moja ya maji huhitaji jouli 4,200 hivi ili kupanda uzi mmoja wa joto. Pampu ikizungusha lita tatu kwa dakika, wati 345 huyapandisha maji chini ya nyuzi mbili tu katika mzunguko mzima. Utaratibu mmoja ndio usiovunjwa, nao ni kwamba tangi litangulie pampu na liwe juu yake, kwa sababu pampu ikizunguka bila maji huharibika upesi.

Kisha zihesabiwe nati za kuungia mipira. Kila kipande kina midomo miwili, wa kuingizia na wa kutolea. Penye vibamba viwili, rejeta moja, na tangi lililoungana na pampu, nati ni nane. Ziongezwe mbili za akiba na koki moja ya kumwagia. Nati na mpira vilingane kipimo cha ndani na cha nje: mpira wa milimita 10 kwa 16 hauingii katika nati ya 10 kwa 13. Kibamba cha kadi ya picha nacho huundwa kwa ajili ya kadi ya aina moja, hivyo jina kamili la kadi lisomwe kwenye kadi yenyewe. Vipande hivi aghalabu huagizwa kutoka nje, na nati moja iliyosahauliwa yaweza kuilaza kompyuta kwa majuma kadhaa.

Madini nayo yasichanganywe. Shaba nyekundu na alumini zikikutana katika maji yaleyale, alumini huliwa pole pole mpaka ikatoboka. Vibamba vya shaba vipewe rejeta ya shaba.

MAJI GANI?

Maji ya bomba yametiwa dawa na yana chumvichumvi za ardhini. Kuyachemsha, kama ifanywavyo kwa maji ya kunywa, huua vijidudu lakini chumvi hubaki. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati yana uchafu wake. Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mfumo wa nyumbani huchukua lita moja hivi. Zinunuliwe lita tatu, ili nyingine zitumike kusuuza rejeta kabla ya kufunga.

Hapa pana hatari ya kutazamwa kwa macho mawili. Gereji nyingi huuza maji yaliyokenekwa kwa ajili ya betri za magari, lakini mtu akiomba tu "maji ya betri" huenda akapewa asidi ya salfa, ambayo huunguza ngozi, macho na chuma. Asome maandishi ya chupa, na isiyo na maandishi aikatae.

Hatari ya pili ni ya watoto. Vimiminiko vya kupozea vya rangi hufanana na sharubati. Baadhi yake vina ethilini glikoli, ambayo ni tamu ulimini na ni sumu kali. Masalio yasitiwe kamwe katika chupa ya soda. Yawekwe juu, yafungiwe, na kila mtu nyumbani aambiwe ni kitu gani.

JARIBIO KABLA YA UMEME

Mfumo ukiisha kufungwa, pampu pekee ndiyo ipewe umeme. Kipo kiunganishi kidogo cha kuwashia boksi la umeme bila kuwasha kompyuta, nacho kinunuliwe pamoja na vipande vingine. Nyaya zote zinazokwenda kwenye ubao mkuu na kwenye kadi zichomolewe. Karatasi nyeupe laini itandazwe chini ya kila kiungo, maji yatiwe kidogo kidogo, na pampu izimwe kila tangi linapokaribia kukauka. Sanduku liinamishwe huku na huku ili hewa itoke. Kisha pampu iachwe ikizunguka kwa saa 24. Karatasi ikionyesha tone moja tu, kazi irudiwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hapa ni ubao mkuu, kadi, na kazi za wateja zilizomo ndani. Kazi hizo ziwe zimekwisha kunakiliwa katika diski nyingine kabla hata bisibisi haijashikwa.

SIKU YA UHAMISHO

Askari hakai mahali pamoja. Barua ya uhamisho ikimfikia afande, familia nzima hupakia vyombo kwenda Gulu, Mbarara au Moroto, na kompyuta hupanda lori pamoja na vitanda. Kompyuta yenye feni hustahimili safari hiyo ikifungwa vizuri. Yenye maji yaweza kulegea kiungo kimoja njiani, na ikifika ikawashwa, hasara huwa imekwisha kuingia.

Kwa sababu hiyo kumwaga maji kupangwe kabla ya kuyajaza. Koki iwekwe mahali palipo chini kuliko pote, mpira wake ufike nje ya sanduku, na mtu mwingine nyumbani afundishwe kuutumia, kwani mwenye mashine huenda akawa kazini mbali. Siku ya safari maji yamwagwe yote, kadi nzito ya picha ishikiliwe isining'inie, na huko iendako jaribio la karatasi lirudiwe kama siku ya kwanza. Hata pasipo uhamisho, maji yabadilishwe mara moja kwa mwaka, na rejeta ipulizwe vumbi kila baada ya miezi michache.

Kazi hizo za kila mwaka ziandikwe kwenye karatasi ileile yenye wati, vipimo na hesabu ya nati, na pembeni bei ya kila kitu pamoja na nauli na ushuru. Baba na mama waketi na kuisoma pamoja. Jumla ikikaribia bei ya kompyuta ya pili, yenye feni za kawaida, nyumba ya askari itafaidi zaidi kwa mashine mbili zinazofanya kazi kuliko moja iliyojaa maji.